Ng'ombe wa Kushoto

Watu wa Mugumu wana imani moja ambayo haijawahi kumfaa mtu: kwamba mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na babu wa Tanga lazima anajua vyombo vya majini. Faridu, fundi wa kuchomelea mwenye kibanda karibu na soko, alikuwa na vyote viwili, kofia na babu. Babu mwenyewe alikuwa fundi nguo. Alikuja na cherehani yake juu ya lori, akashona kanzu na suruali za shule mpaka akafa, na hakumfundisha mtu yeyote kuogelea. Bahari Faridu alikuwa ameiona kwenye kalenda. Lakini walipomwita Mpwani aliitika, na mtu akiitikia jina miaka ishirini mwishowe hulizoea.

Kwa hiyo Alhamisi moja Mzee Simioni alipompigia simu kusema chombo chake kimekataa kufuata usukani, Faridu alijibu, "Hiyo ndogo, mzee," akafunga boksi la spana nyuma ya pikipiki.

Simioni alikuwa Mkurya wa Nyanungu aliyepata mtaji wake Nyamongo, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa njia ambazo yeye mwenyewe alizieleza tofauti kila mwaka. Mtaji huo aliuhamishia kando ya bwawa, nje kidogo ya Mugumu, akajenga kambi ya wageni: vyumba sita vya kuezekwa nyasi, banda la kulia lenye nira ya ng'ombe na ngao ukutani, na kitu kimoja ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho wilaya nzima, katamarani. Ilikuwa mitumbwi miwili myembamba ya faiba, imeunganishwa kwa vyuma, katikati turubai la kukalia, juu tanga la rangi ya chungwa, na nyuma ya kila mtumbwi usukani wake. Sukani hizo mbili ziliungwa kwa bomba moja ili zigeuke pamoja kwa mpini mmoja. Aliinunua kwa mzungu mmoja mtafiti wa ndege aliyekuwa anarudi kwao.

Mzungu kabla hajaondoka alimfundisha mtu mmoja kuiendesha, naye ni Ezekiel, mkulima wa kijiji cha jirani. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mpole, na anajulikana kwa kufundisha maksai kulima. Aliendesha chombo kile miaka miwili bila neno. Wageni walipenda kumwona amekaa wima pale nyuma, anakiongoza kwa vidole viwili.

Halafu, wiki tatu kabla ya simu ile, chombo kikaanza kuvuta kushoto. Kilikuwa kikitoka vizuri, kikifika katikati ya bwawa kinaanza kupinda, na Ezekiel asukume mpini atakavyo, safari inaishia ndani ya matete. Wachimbaji wa Nyamongo waliokuja Jumamosi kula nyama walicheka mpaka wakamwaga bia. Wakarekodi kwa simu. Jumamosi iliyofuata walikuja zaidi, na sasa walikuja kwa ajili ya matete. Simioni naye hakuwa mtu wa kuacha kicheko kipotee bure. Akampa Ezekiel jina, Ng'ombe wa Kushoto, akawa anamtangaza kwa kipaza sauti: "Haya mabwana, Ng'ombe wa Kushoto anaingia kazini, zizi lake mnalijua."

Niseme kabisa kwamba Simioni hakuwa mkali. Wakali wana afadhali, hasira yao huisha. Yeye alikuwa mtu wa kupenda kutazama. Mwaka uliopita alimfukuza mpishi aliyeunguza wali, na akamtaka abebe godoro lake kichwani apite nalo katikati ya banda la kulia, wageni wakiwa mezani. Faridu alikuwepo siku hiyo, anachomelea geti. Ndiye aliyempeleka dada yake, Adija, kuchukua nafasi ya yule mpishi.

Alipofika Alhamisi ile, alimkuta Simioni kando ya maji na Ezekiel amesimama hatua tatu nyuma, mikono mgongoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, sikia. Mimi na huyu mura tumewekeana ahadi. Yeye anasema ni chombo. Mimi nasema ni yeye. Jumamosi mbele ya wageni, wewe mtaalamu wa pwani utatoa jibu. Kama ni chombo, nitamwomba radhi kwa kipaza sauti. Kama ni yeye, atavaa ile nira ya ukutani, atoke nayo hapa majini mpaka jikoni, na kazi basi."

"Wewe umekubali?" Faridu alimuuliza Ezekiel.

"Nimekubali," alisema Ezekiel. "Ni chombo."

Faridu alianza kazi kama anavyoanza gari lenye kasoro ya usukani, kwa kuwa ndicho alichokijua. Alipima kwa futi nafasi kati ya sukani mbili, mbele na nyuma, aone kama zinatazamana sawa kama magurudumu ya mbele ya pikapu. Zilikuwa sawa. Alishika bomba la kuunganisha akalitikisa. Lilicheza kidogo upande wa kulia, akabadilisha bushi. Akakaza kila nati, na kila aliyokaza aliipigia mstari wa rangi nyekundu, nusu kwenye nati nusu kwenye chuma. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake mjini kote.

"Mzee, ukiona mstari huu haujakatika, nati haijatembea," alimwambia Simioni, ambaye alikuwa amevuta kiti karibu. "Hapo hakuna mtu wa kukudanganya. Hata mimi."

Simioni aliipenda sana hiyo. Alipita kwa kila mstari, akaugusa kwa kidole.

Siku iliyofuata, baada ya swala ya Ijumaa, walikijaribu. Laifu jaketi lilikuwa moja tu, la pili lililiwa na panya, na Ezekiel alimvalisha Faridu bila kuulizwa. Akamfunga na kamba za kifuani, akavuta mara mbili kuona kama zimeshika. Faridu alikaa katikati ya turubai ameshika chuma kwa mikono yote miwili. Kama watu wa soko wangemwona Mpwani wao wakati huo, jina lingekuwa limekwisha.

Chombo kilitoka vizuri. Upepo ulikuwa wa kawaida, tanga limejaa, maji yanapita chini yao. Kwa dakika kumi Faridu alijiona fundi mkubwa. Halafu pua ikaanza kwenda kushoto.

"Umeona?" alisema Ezekiel. Alikuwa ameusukuma mpini mpaka mwisho. "Anaanza na nguvu. Halafu kadiri tunavyokwenda, wa kushoto anachoka."

"Wa kushoto nani?"

"Huyu mtumbwi. Mimi nafundisha maksai, fundi. Jozi ikivuta kwenda upande mmoja, mtu mvivu anasogeza pini ya nira ili yule mzembe apate nafuu, anaendelea kulima. Mtu wa ng'ombe anasimamisha plau, anainama, anakagua kwato. Huyu ana kitu kinamchosha. Siyo usukani. Ungekuwa usukani, angekuwa mbovu tangu pale tulipotokea."

Hayo yalikuwa maneno ya akili kuliko yote yaliyosemwa kuhusu chombo kile, na Faridu aliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Yeye alikuwa fundi, na huyu alikuwa mtu wa ng'ombe.

Waliingia kwenye matete. Ezekiel akashuka, maji ya kifua, akaanza kukisukuma.

"Fundi," alisema akiwa amekiegemea, bila kumtazama, "mimi sitaki sifa. Waambie tu ni chombo. Neno moja hilo. Watoto wangu wanaoneshwa zile video shuleni."

"Nitawaambia," alisema Faridu. Na alimaanisha. Hili nalo liandikwe upande wake, kwa kuwa upande huo hauna mengi.

Walikivuta nchi kavu, pua mbele, nyuma kumeelekea bwawani. Maji yalitiririka kutoka nyuma yake kwa muda mrefu kidogo, lakini nani hushangaa kuona maji yakitoka kwenye chombo kilichotoka majini? Wakakiacha hapo kikijikausha.

Alasiri ilipofika, Faridu alikwenda nyuma ya jiko kutawadha. Palikuwa na ndoo kubwa ya kunawia, zile zilizotapakaa nchi nzima wakati wa korona, yenye tundu la bomba upande wa chini. Bomba lilishavunjika. Tangu hapo Adija aliwachotea watu maji kwa kikombe, na tundu la bomba lilizibwa na kizibo cheusi, chenye kichwa kipana na mpira mwembamba shingoni. Kilikaa sawasawa kabisa. Faridu aliinama kunawa miguu, uso wake ukawa karibu na kile kizibo, akakitazama. Shingoni zilionekana nyuzi za kukazia, zimechongwa vizuri. Kitu cha namna ile hakiuzwi Mugumu.

"Adija, hiki umekitoa wapi?"

"Kipi? Hicho?" Adija alikuwa anakanda unga, mikono mpaka kwenye kiwiko. "Kwenye mtumbwi wa mzee, kule nyuma chini. Nilikuwa nasugua masufuria pale. Vilikuwa viwili, nikachukua kimoja."

"Lini?"

"Bomba lilipovunjika. Wiki tatu sasa. Kaka, kinazuia maji vizuri huwezi kuamini."

Faridu aliacha kunawa. Alikwenda mpaka kwenye chombo, miguu bado inachuruzika, akapiga goti nyuma ya mtumbwi wa kulia. Chini kabisa, chini ya chuma cha usukani, palikuwa na kizibo cheusi. Akahamia wa kushoto. Palikuwa na tundu la kuingia dole gumba, na ukingoni mwake tope bichi. Maji yaliingilia hapo kidogo kidogo kila safari, mtumbwi ukawa mzito, ukaburuta, ukavuta chombo upande wake. Na kila walipokivuta nchi kavu yakatokea hapo hapo, kimya kimya, wakabaki wanakagua kitu kitupu. Wa kushoto anachoka. Mtu wa ng'ombe alikuwa amelisema lote isipokuwa tundu.

Aliswali rakaa zake nne na hakujua amesoma nini.

Adija alikuwa na watoto wawili na hakuwa na mume. Kazi mbili zilishamshinda kabla ya hii, moja kwa ulimi wake, nyingine kwa bahati mbaya. Faridu aliwaza godoro likipita katikati ya meza. Aliwaza Simioni na kipaza sauti: huyu hapa aliyetuzamisha wiki tatu ili apate kizibo cha ndoo. Akawaza pia, ingawa hili alilisukuma pembeni, kwamba fundi aliyepima na kukaza na kupaka rangi siku nzima bila kuona tundu angekuwa naye ndani ya video. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Husema hivyo zaidi watu wanaotafuta ruhusa.

Jumamosi alifika saa moja asubuhi, kabla ya mtu yeyote. Alikichomoa kizibo kwenye ndoo, akachukua gunzi la hindi, akalizungushia kipande cha mfuko, akalishindilia kwenye tundu la ndoo. Lilivuja kidogo, lakini lilishika. Kisha akaenda kukirudisha kizibo mahali pake kwenye mtumbwi wa kushoto na kukikaza kwa mkono. Hesabu yake ilikuwa hii, na ilimridhisha kabisa: chombo kitakwenda sawa, Ezekiel atafurahi, wageni watapiga makofi, na hakuna atakayeuliza. Mtu aliyemfanyia Simioni vibarua miaka mitatu angepaswa kujua kuwa Simioni huuliza.

Saa nane watu walijaa. Wachimbaji wa Nyamongo walikuwepo, wafanyabiashara kutoka Nyamisangura walikuwepo na wake zao, simu ziko juu tayari. Nira ilikuwa imeshushwa ukutani, imeegemezwa kwenye kiti cha Simioni. Ezekiel alivaa shati lake la kanisani. Aliisukuma katamarani majini, akaruka nyuma, akashika mpini.

Ilikwenda. Ilipita mahali pa siku zote pa kuanza kupinda, na haikupinda. Ilikwenda mpaka ng'ambo, ikageuka kwa tanga lililojaa, ikarudi katikati ya bwawa imenyooka kama mfereji wa plau. Kutoka nchi kavu waliweza kuona Ezekiel amenyanyua vidole vyake vingine juu, mpini ameushika kwa viwili tu, kama zamani. Faridu aliona furaha ile kutoka mbali na moyo wake ukatulia. Wageni walishusha simu mmoja mmoja. Walikuwa wamekuja kuona matete.

Ezekiel alishuka akicheka, suruali imelowa. "Nilisema," alisema. "Nilisema ni chombo. Asante fundi."

Simioni hakuinuka. "Subiri kwanza. Fundi, njoo huku." Kipaza sauti kilikuwa mkononi. "Juzi ulikaza nati zote nikiona. Jana mkaenda, mkaingia kwenye matete nikiona. Leo imenyooka. Tangu jana umebadilisha nini?"

Akainuka sasa, akaenda kwenye chombo, akaanza kugusa mistari myekundu mmoja baada ya mwingine. Hakuna uliokatika. Aligusa yote kumi na minne.

"Hakuna nati iliyofunguliwa. Si ndivyo ulivyoniambia mwenyewe? Basi ni nini?"

Faridu alitazama jikoni. Adija alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chapati, anatabasamu, akijivuna kwamba kaka yake anahojiwa kwa kipaza sauti.

"Sijabadilisha kitu, mzee," alisema.

"Kwa hiyo chombo ni kizima."

"Ni kizima."

"Na jana kilikuwa kizima."

Hapo Faridu alitazama mchanga. Ezekiel alikuwa bado anacheka, uso haujapata habari.

"Kilikuwa kizima," alisema Faridu.

Simioni aliwageukia wageni, na ungedhani kaletewa zawadi. "Mmesikia mtaalamu? Chombo kizima jana, kizima leo. Jana kushoto, leo sawa. Kilichobadilika ni mtu. Wiki tatu huyu anacheza na wageni wangu, leo ameona nira, amepata akili."

Kicheko kilipasuka na simu zikarudi juu. Watu wawili walimwinamisha Ezekiel shingo, na yeye hakupigana nao. Alikuwa anamtazama Faridu, anasubiri amalizie sentensi. Nira ni ya ng'ombe wawili. Mtu mmoja akiivaa upande mmoja, upande wa pili humlemea, naye huenda akipinda. Simioni alikuwa ameliona hilo mapema. Alimvalisha upande wa kushoto, na Ezekiel akaenda kutoka majini mpaka jikoni akivutwa pembeni na ubao mtupu, anajikwaa, anajirudisha, na kila alipojikwaa walipiga makofi. Shati la kanisani lilichanika begani.

Alipofika jikoni, Adija alimpisha mlango na kusema kwa sauti ya kusikika, "Karibu, Ng'ombe wa Kushoto amefika zizini." Yeye hakujua. Watu walicheka zaidi, naye akafurahi kwamba amewachekesha. Pembeni yake ndoo ilikuwa inadondosha maji kwenye gunzi, tone moja moja.

Simioni alimwekea Faridu mkono begani. "Sasa Mpwani, kazi ni yako. Damu ya maji unayo. Wageni wamelipia safari, waendeshe."

Faridu alifungua mdomo kusema kwamba hajui, kwamba hata kuogelea hajui, na akaona kuwa akianza kusema ukweli hatakuwa na mahali pa kuukomesha. Akaufunga.

Ezekiel alikuwa amevuliwa nira. Alikuja mpaka majini akijifuta shingo kwa kiganja, na Faridu alidhani atapigwa, akaona ni haki. Ezekiel aliokota laifu jaketi kwenye turubai.

"Vaa hili. Wewe huogelei, nilikuona jana." Alimwingiza mkono wa kwanza, akamwingiza wa pili, akafunga kamba za kifuani, akavuta mara mbili. "Mpini usiushike kwa nguvu. Vidole viwili tu. Ukitaka kugeuka, usisite katikati, utakwama."

"Ezekiel."

"Hapana, umenisaidia, fundi. Mimi nilikuwa nalaumu chombo." Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, anaukunja na kuukunjua. "Ningeapa kanisani kwamba nilikuwa nausukuma sawa. Kumbe mtu unaweza kuharibu kitu kwa mkono wako mwenyewe na usijue. Hata maksai wa watu sitashika tena, nitawaharibu."

Akakisukuma chombo, wageni wanne juu yake, na kikatoka. Faridu alishika mpini kwa vidole viwili. Walipopita karibu na matete, mama mmoja wa Nyamisangura alichovya mkono majini akanyanyua majani marefu yaliyojifunga kwenye kidole chake, akayatupa. Majani. Angesema tu kwamba usukani ulinaswa na majani, akayatoa asubuhi, basi, nani angebisha? Neno moja, na lisingemgusa mtu. Aligeuka kutazama nyuma. Ezekiel alikuwa ameshika njia ya kwao, nguo za kazi kwapani, na mbele chombo kilikuwa kinakwenda vizuri sana.